Taniela na Neno Lake la Sai Pe

—kumbe darasani hajaonekana tangu wiki ya pili! Taniela huyu huyu! Aliyekuwa wa kwanza kwenye visiwa vyetu vyote vya Ha'apai kule Tonga, aliyeagwa kanisani mpaka mchungaji akalia! Ngojeni nipumue kwanza, nimepanda ngazi mbio, na jambo hili nisipolisema leo nitapasuka. Nawaambia nyinyi mnaopeleka watoto chuo mwaka huu, na nyinyi watoto wenyewe mnaofunga mabegi. Sikilizeni vizuri.

Jumapili ile ilikuwa nzuri kweli. Hapa Suva, Fiji, mvua haikunyesha tangu asubuhi, ajabu yenyewe. Sisi Watonga wa chuoni tumetoka kanisani, tumekaa kwenye nyasi nyuma ya bweni la wasichana, tunafungua lu: majani ya magimbi, nyama ya kopo, tui zito linachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nakula sahani moja na Fusi, mwenzangu wa chumba. Yeye yuko mwaka wa tatu, na Taniela ni mdogo wake, tumbo moja.

Basi Taniela akatokea na wavulana wenzake. Palepale Fusi akanyanyuka, akaenda kukaa upande wa pili wa ukuta. Hawajagombana! Ndivyo tulivyo. Kaka na dada hawakai pamoja, hawaingiliani vyumbani, hawatajiani mambo ya aibu. Dada ndiye mwenye heshima, na kaka anajichunga mbele yake kuliko anavyojichunga mbele ya baba. Kwa hiyo maneno yao yote yanapita kinywani mwangu.

"Muulize amekula," Fusi akasema nyuma ya ukuta.

"Umekula?"

"Mwambie nimekula."

"Kasema kala. Tui limefika puani."

"Muulize masomo."

"Haya, masomo je?"

"Sai pe," Taniela akasema.

Safi tu, yaani. Neno letu la kila siku. Mama akipiga simu, sai pe. Mwalimu akiuliza, sai pe. Mtu wetu anaweza kuwa anazama, maji yako kidevuni, ukimuuliza anatabasamu na kukwambia sai pe.

Lakini mimi nilimtazama. Macho mekundu, ngozi ya mikono inabanduka magamba kama ya wazee wanywaji wa kava, ule mzizi wetu unaolewesha. Nikamwambia, "We Taniela, kava unainywa au unaioga?" Wavulana wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, ila alicheka akiangalia chini.

Kesho yake, kwenye foleni ya chakula, akatukuta Bi Litiana, mlezi wa wanafunzi wapya. Mama wa Kifiji, mnene, mpole, hana makuu.

"Fusi, mdogo wako anaumwa?"

"Hapana, Bi. Hajambo kabisa."

"Mbona walimu wake hawamjui hata sura?"

Ndipo tukasikia yote. Darasani haingii, kazi hajaleta hata moja. Kamati itakaa Ijumaa saa nne. Asipofika, jina linafutwa na nafasi aliyopewa na serikali anapewa mwingine.

"Lakini akija," Bi Litiana akasema, "akaeleza kwamba masomo yamemshinda na anataka msaada, nitamtetea mwenyewe. Kila mwaka tunawaokoa wa namna hiyo. Aje tu, afungue mdomo."

Fusi akarudisha sahani bila kuonja kitu. "Lesieli, nenda wewe. Mimi siwezi kumwambia hayo."

Nikaenda bweni la wavulana. Wamezunguka beseni la kava, kifuu kinapita mkono kwa mkono.

"Karibu shemeji!" mmoja akapaza sauti. "Umekuja kuchagua?"

"Nikichagua hapa lazima nifumbe macho! Nipeni Taniela."

Akatoka hadi barazani, anaburuta miguu. Nikampa ujumbe wote wa Bi Litiana. Akasema polepole, ulimi mzito:

"Lesieli, mimi nilikuwa wa kwanza nyumbani. Hapa naangalia ubao, sijui hata wanaongelea nini. Siku ya kwanza yule mwalimu wa hisabati kutoka Brisbane, Australia, aliuliza nani hajaelewa. Mimi nikainua nyusi. Akanitazama, akaendelea."

Jamani! Kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo. Kwa mwalimu wa Brisbane nyusi zikipanda ni nyusi tu!

"Si ungenyoosha mkono?"

"Mbele ya watu wote? Waseme Mtonga ni mjinga? Basi siku ya pili sikuelewa zaidi, ya tatu zaidi. Kwenye kava hakuna anayeniuliza kitu."

"Sawa, hayo hayo kayaseme Ijumaa."

"Dada atajua?"

"Dada anajua tayari, Taniela."

Nyie, uso ule! Kama nimemvua nguo sokoni. Akakaa chini kwenye ngazi.

"Mwambie nitakwenda," akasema. Na halafu, kwa kawaida yake: "Sai pe."

Ijumaa mvua ikarudi na hasira zake. Mimi na Fusi tukasimama ng'ambo ya ofisi tangu mapema, tumejibanza chini ya kibanda. Wakaja wanafunzi wengine walioitwa. Binti mmoja wa Vanuatu aliingia analia, akatoka anafuta kamasi na kucheka. Wamempa nafasi nyingine! Bi Litiana akatoka, akaangalia huku na huku, akatuona. Akatuonyesha saa yake.

Fusi akaanza kutembea.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Fusi! Bweni la wavulana? Chumbani kwake?"

Nikamfuata mbio. Alitembea na mvua yake, mkeka wa heshima tunaojifunga kiunoni umelowa chapachapa, na wavulana walipomwona kwenye korido wakajibana ukutani. Utani wote uliwaisha. Akafika mlangoni kwa Taniela. Akagonga. Ndani kitu kikaanguka, halafu kimya.

Wenzangu, mlango haukufungwa kwa ufunguo. Angeweza kusukuma. Lakini Fusi alivua kanga iliyokuwa mabegani, akajifunika kichwa chote na uso, akageukia ukuta.

"Taniela," akasema, "siingii. Nimejifunika, sikuoni. Vyovyote ulivyo, toka tu, pita nyuma yangu, nenda kwa Bi Litiana. Sitageuka. Sitakuuliza neno mpaka tunakufa. Mimi ni dada yako, nimekuruhusu kushindwa. Nenda ukawaambie hujui, basi. Pita."

Akasubiri. Akarudia. Akaanza kumwita kwa jina la utotoni, lile ambalo sitalitaja hapa.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwenzake wa chumba, kijana wa Kisolomoni, macho yamejaa machozi.

"Dada," akasema, "ameshatoka. Uliposema jina lake mara ya kwanza tu. Kapita dirishani."

Mnaelewa? Alimheshimu! Hakutaka dada yake amwone vile, na magamba na nguo za juzi, akaona bora aruke dirishani akimbilie mtaroni kuliko kupita mlangoni mbele yake. Na dada naye alimheshimu, akazungumza na chumba ambacho mdogo wake hayumo. Ofisini kamati ikafunga mafaili, jina likafutwa. Bi Litiana alituletea habari mwenyewe, hakuweza hata kukaa.

Sasa Taniela anashusha magimbi kwenye malori sokoni. Nimemwona jana. Nilimwita, akavuka barabara.

Funzo

Mwanafunzi mpya, kutoelewa si aibu. Aibu ni kukaa nako mpaka uoze. Wiki ya kwanza mjue mlezi wako kwa jina, na ajue lako. Nyoosha mkono, mkono wenyewe kabisa, siyo nyusi. Ukikosa darasa moja, rudi la pili na uso wako huo huo, maana la tatu litakuwa gumu zaidi. Lala. Kava na wenzako iwe mara moja moja, isiwe ndiyo nyumba yako.

Nanyi wazazi, msiulize "hujambo?" Ulizeni mwalimu wako nani, leo kakufundisha nini, kipi kimekushinda. Na mkimuaga mtoto kanisani kwa nyimbo na machozi, mwambieni pia kwamba akishindwa mlango uko wazi. Taniela hakuambiwa. Na heshima yetu, jamani, naipenda, lakini itafutiwe mjumbe mtu mzima, mjomba au mchungaji, siyo msichana wa bwenini kama mimi.

Basi niacheni nikimbie, Fusi ananiita kwenye basi la uwanja wa ndege wa Nausori. Mama yao anatua leo kwa mkutano wa kina mama wa kanisa, na analeta viazi vikuu vya kumshukuru Bi Litiana kwa kumlea mwanawe. Hakuna aliyemwambia kwamba jina limefutwa. Kesho, nikiwa bado na sauti, nitawaambia Bi Litiana alivipokeaje hivyo viazi.