Filamu ya Marehemu Ghalibu

Kasha lilikuwa limeanikwa juani siku mbili, na bado Mfaume alipolifungua Jumatatu asubuhi alikuta maji ndani. Si mengi, kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa. Aliyamwaga uani, akalifuta kwa kitambaa, akalifunga tena. Kufika adhuhuri yalikuwa yamerudi, na yalinuka samaki.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1973. Mfaume alikuwa mpiga picha mwenye studio ndogo mtaa wa Gongoni, Tabora, na kasha lile lilikuwa la kupigia picha chini ya maji. Kazi aliletewa na Justus, mtaalamu wa maji. Bwawa la kijiji kimoja kipya cha Ujamaa, mbele ya Igalula, lilikuwa likivuja, na Justus alitaka kuuona ufa ulivyo kabla ya mvua. Alimpa Mfaume fedha za vifaa, akamwachia achague mwenyewe.

Vipya vilipatikana Dar es Salaam kwa kuagiza, lakini fedha zilitosha kasha tu bila kamera ya kuingia humo, tena kwa kusubiri miezi. Vilivyotumika vilikuwa hapo hapo mjini, kamera na kasha lake, kwa Bi Khole, mjane wa Ghalibu. Ghalibu alikuwa akiwapigia picha wataalamu wa samaki kule Ujiji, hadi siku alipozama ziwani. Kasha lilivutwa kwa kamba siku ile ile. Yeye alionekana siku ya tatu.

Mfaume alikagua kila kitu. Kioo kilikuwa na mikwaruzo pembeni, vibanio vilikaza vizuri, mpira wa kuzuia maji ulianza kukakamaa lakini haukuwa umepasuka. Alilizamisha kasha kwenye beseni, ndani likabaki kavu. Akaridhika.

“Bei utasema wewe, mwanangu,” Bi Khole alimwambia. “Ila kwenye kamera kuna filamu. Ghalibu hakuwahi kuitoa. Nisafishie, unipe picha. Hata moja.”

“Nitakuletea zote, Bi Khole.”

Alisema kwa moyo wake wote. Lakini alipofika nyumbani, kwa pupa ya kujaribu vifaa vyake, aliifungua kamera uani, saa sita, jua likiwa utosini. Filamu yote ikaungua kwa mwanga kabla hajakumbuka. Alisimama pale akiitazama, masikio yakimwaka. Miaka kumi na minane ya kazi, na kosa lile hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza halifanyi. Kesho yake alikwenda kwa Bi Khole akamwambia filamu ilikuwa tupu, haikupigwa hata picha moja.

“Kumbe alizama bure,” Bi Khole akasema. Kisha akamshukuru kwa kusumbuka.

Shukrani ile Mfaume alishindwa kuimeza. Wiki nzima alipita njia nyingine ili asionane naye.

Bwawani alikwenda Jumamosi, na picha za ufa zilitoka safi. Maji ya kwenye kasha yalianza baada ya hapo. Kisha harufu ya ziwa, matope na majimaji, ikajaa studio katika mji uliokuwa vumbi tupu. Kisha ikaja sauti: mchana kweupe, viputo vikipanda ndani ya kasha, kama mtu anayepumua akiwa chini ya maji.

“Umemwingiza nani humo?” Batuli, mkewe, alimnong'oneza.

“Hakuna mtu.”

“Nimemsikia akikohoa, Mfaume.”

Alhamisi alijifungia katika chumba cha giza kusafisha picha za harusi. Chini ya taa nyekundu karatasi ilianza kuonyesha kanzu, kisha shela, kisha mikono iliyoshikana, na Mfaume akalitikisa beseni la dawa akizisubiri nyuso, lakini nyuso hazikuja, ila pale zilipopaswa kuwa palijaa kitu kama maji yanayozunguka, kwa bwana harusi, kwa bibi harusi, kwa mashangazi wote waliojipanga nyuma, na alipoinama aone vizuri tone baridi likamwangukia shingoni, kisha la pili, na pumzi yenye harufu ya ziwa ikamgusa sikio, na sauti ya mtu aliyejaa maji kifuani ikauliza taratibu, bila hasira, “Wangu uko wapi?”

Alitoka humo suruali imelowa, na hayakuwa maji ya ziwa. Batuli aliona. Akamletea kikoi.

Jioni aliitwa Mwamvita, mganga wa Isevya. Alifukiza udi, akakaa karibu na kasha muda mrefu ameinamisha kichwa.

“Ni jini wa ziwa,” alisema kwa sauti ya chini. “Marehemu alimpiga picha. Amelifuata kasha tangu Ujiji, anausubiri uso wake. Wewe umeuunguza, naye sasa anachukua nyuso za wateja wako.”

“Mfukuze, bibi.”

“Simfukuzi anayedai haki yake. Ulimdanganya nani?”

Batuli alikuwa amesimama mlangoni. Ilibidi Mfaume aseme mbele yake, macho mkekani.

“Kamwambie huyo mama kweli,” Mwamvita alisema. “Kisha uniite.”

Ijumaa, baada ya alasiri, alipiga hodi kwa Bi Khole.

“Shikamoo, Bi Khole.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa.”

Hakukaa. Alisema yote akiwa wima: uani, jua, filamu, uongo. Bi Khole alisikiliza akitazama mikono yake mwenyewe. Hakulia. Mfaume angependa alie.

“Anakuja hapa,” alisema mwishowe. “Kila siku, saa hizi, tangu uliponiambia ni tupu. Anabisha. Sauti ni ya Ghalibu, anaomba picha. Nami namjibu mlango ukiwa umefungwa, filamu ilikuwa tupu, bwana wangu. Namwapia kwa Mungu.” Akavuta pumzi. “Kila siku naapa. Umeniapisha uongo, Mfaume.”

Mlango ulipigwa mara tatu, polepole, kwa kiganja kilicholowa.

Bi Khole hakuinuka. Alijitanda ushungi vizuri, akainua macho, akamtazama.

“Leo mjibu wewe,” alisema.

Mfaume akaenda, akashika komeo.