Njia ya Kulungu Nyuma ya Nyumba

Clement na mkewe Abigail wanakaa ughaibuni, mjini Gaithersburg, mwisho wa safu ya nyumba zilizoshikana. Mbele kuna maegesho ya magari. Nyuma kuna msitu mwembamba unaofuata kijito. Ukisimama jikoni kwao, unaona paa za nyumba nyingine ng'ambo ya miti.

Asubuhi nyumba hiyo ina kelele. Abigail anatafuta viatu vya shifti. Clement anatafuta funguo, maana barabara ya 270 ikishajaa haina huruma. Binti yao Cherono anakataa uji. Halafu mlango unafungwa, na anabaki mtu mmoja tu. Huyo ni Nyanya Chelagat, mama yake Clement.

Alikuja kutoka Bomet kulea mjukuu. Sasa mjukuu anaenda shule, na kulea kumekwisha. Mama mzima aliyezoea kuamka na ng'ombe anabaki kutazama televisheni asiyoielewa. Mimi nisingeweza hata wiki moja.

Jioni moja alimwambia mwanawe, bila kuinua sauti, "Clement, nitafutie tikiti. Ya kwenda tu. Ya kurudi sitaki."

"Kwani umekosa nini, Mama?"

"Chakula kipo. Nimekosa pa kutoka. Nimekaa hapa kama gunia la mahindi ghalani. Nje ya nyumba hii hakuna anayenisalimia."

Maneno yale yalimuuma Clement, kwa sababu yalikuwa kweli. Hakutaka mama yake aondoke kwa huzuni. Akaangalia dirishani, akauona msitu, na hapo akapata wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri. Shida ni kwamba hakuuliza mtu.

Jumamosi alimwita Gitau, rafiki yake wa kanisani. Gitau akaja na slasha ya kufyekea na msumeno wa injini. Nyinyi mnaotoka bara mnajua mambo yetu. Kwetu kichaka karibu na nyumba ni nyoka, na pia ni aibu. Watu watasema mwenye boma ni mvivu. Basi wawili hao wakafyeka. Walikata vichaka katikati ya msitu, wakaburuta magogo yaliyooza, wakarundika kila kitu pembeni. Kufikia saa kumi kulikuwa na kiwanja safi cha kucheza mpira.

Ushirika wa kanisa ukahamia pale kila Jumamosi. Walichoma nyama, wakaimba mpaka giza likaingia. Nyanya Chelagat aliketi katikati, akasalimiana na kila mtu, akacheka mpaka akafuta machozi. Abigail alimwangalia akafurahi sana.

Walipomaliza kula, Gitau alitupa mifupa vichakani. "Na wanyama wa Mungu nao wale," alisema. Wote waliona ni ukarimu.

Mwezi haukuisha kabla ya matatizo kuanza. Mbweha alizoea harufu ya nyama, akawa anakuja mpaka mlangoni mchana kweupe. Rakuni, wale wanyama wenye mikia ya mistari, walipindua mapipa ya taka. Mbwa wa jirani akapigana na mmoja, akararuliwa sikio. Jioni moja Abigail alirudi kazini akakanyaga breki ghafla. Kulungu watatu walikuwa wamesimama katikati ya barabara, mahali ambapo hajawahi kuwaona.

Majirani wakapiga simu kaunti.

Siku mbili baadaye alibisha hodi Marie-Thérèse. Ni mzaliwa wa Bukavu, na anakaa mlango wa nne kutoka hapo. Kazi yake iko katika ofisi ya bustani za kaunti. Yeye na wenzake hupanga watu watembee wapi, wacheze wapi, na wapi wawaachie wanyama.

Alipokea chai kwanza. Kisha akasema, "Leo nimekuja kama jirani. Jumatatu nitakuja kama ofisi. Wanataka kuweka fensi. Msitu wote utafungwa, hata njia ya kutembea."

Nyanya Chelagat aliweka kikombe chini. Akapanda ngazi polepole. Wote walisikia sanduku la safari likiburutwa kutoka chini ya kitanda.

Abigail akageuka. "Dada, hakuna namna nyingine?"

"Iko. Lakini munaonesha mpango, na munaufuata. Twende kule kwanza. Muite na Koko ashuke." Koko ndivyo wanavyomwita nyanya kwao Bukavu, na "ndio" wao husema "njo".

Nyanya akashuka. Clement alimpigia Gitau, naye akaja. Marie-Thérèse aliwaambia wavae suruali ndefu na kuingiza miguu ya suruali ndani ya soksi. "Kupe wa hapa wanaleta ugonjwa," alisema. "Tukirudi, kila mtu ajikague mwili, nyuma ya magoti na kwenye nywele."

Walipofika kiwanjani, alisimama akanyoosha mkono. "Kule juu kuna bustani kubwa. Kule chini kuna nyingine. Katikati ni nyumba na barabara tu. Huu msitu mwembamba njo njia yao. Kulungu, mbweha, bundi, wote wanapita hapa kutafuta chakula, maji na wenzao. Mukikata katikati, mukipiga kelele jioni wakati wanatembea, watapita wapi?"

"Barabarani," Abigail alisema. Alikumbuka breki.

Gitau hakufurahi. "Kwa hivyo kulungu ana haki kuliko mimi?"

"Hapana. Lakini wewe ukifungiwa njia hii utachukua gari upite nyingine. Yeye hana nyingine."

Uso wa Gitau ulibaki umekunjamana.

Nyanya Chelagat alikuwa ameinama karibu na rundo la matawi. Kobe mdogo mwenye madoa ya manjano alikuwa akilizunguka rundo lile. Alifika mwisho, akageuka, akaanza tena.

"Huyu anatafuta nini?" aliuliza Nyanya.

"Kwake," Marie-Thérèse alijibu. "Kobe wa aina hii anazaliwa hapa, anazeeka papa hapa. Ukimpeleka mbali atatembea akitafuta kurudi, na magari yatamkanyaga. Pengine alikuwa analala chini ya magogo mliyotoa."

"Pole, baba," Nyanya alimwambia kobe. Kisha akamgeukia mwanawe. "Clement, mimi nililia kwamba sina pa kutoka. Wewe ukanipatia kwa kumfungia mwingine. Rudisha magogo yake."

Clement aliona haya. Hakubisha. Alivua koti, yeye na Gitau wakaanza kuyarudisha magogo, moja baada ya jingine.

Walipopumzika, walikaa kwenye gogo wakapanga. Marie-Thérèse hakuwaamuru. Aliuliza tu: mnataka kufanya nini, watu wangapi, saa ngapi, na mahali gani panafaa bila kuharibu?

Wakaona nyama haihitaji msitu. Ukingoni, karibu na maegesho, kuna uwanja wa nyasi wenye meza na majiko ya mkaa yaliyowekwa na kaunti. Hakuna mnyama anayeishi pale. Ushirika ungekutana hapo, baada ya kuomba kibali mapema kama ilivyo kanuni.

"Tukimaliza saa kumi na moja, kabla ya giza?" aliuliza Abigail.

"Vizuri. Jioni muwaachie wenyewe."

"Na mifupa?" Gitau aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mfukoni, na mfuko nyumbani. Mnyama akizoea chakula cha watu anaacha kuogopa watu. Hapo anapigwa, ama anauma mtu. Ukarimu wako utamuua."

Ndani ya msitu kungekuwa na njia moja tu, ile ya zamani. Watu watembee juu yake, mbwa afungwe kamba. Kile kiwanja kiachwe kiote tena.

"Na hizi kamba?" Nyanya Chelagat alionyesha mimea iliyotambaa mpaka juu ya miti. Miti mingine ilikuwa imekauka kwa kukabwa. "Kwetu hii ningeikata kabla ya chai."

Marie-Thérèse alitabasamu. "Hiyo njo kazi iliyokosa watu. Ni mimea ya kutoka nje, inaua miti ya hapa. Tunafundisha watu ipi ya kukata na ipi ya kuacha."

"Hata mimi nimetoka nje."

"Lakini wewe Koko hujamkaba mtu shingo."

"Hujaniona nikikasirika," alisema Nyanya, na hapo hata Gitau akacheka.

Jumatatu Marie-Thérèse aliupeleka mpango ofisini. Ofisi ilikubali kusubiri msimu mmoja ione. Nyanya Chelagat alifundishwa kwa Kiswahili, na mama wengine wa ushirika pamoja naye. Kila Jumamosi asubuhi walikata mimea ile pale chini, kwenye shina, na kuacha ya juu ikauke yenyewe. Aliyekosea mmea alirekebishwa na Nyanya, si kwa upole sana. Wapita njia walianza kumsalimia. Alijibu kwa Kiswahili, nao wakaelewa kwamba ni salamu.

Kufikia vuli, miti ilipoanza kupukutisha majani, mapipa yalibaki wima usiku kucha. Kulungu walirudi kupita chini ya miti, na kiwanja kilikuwa kimeota majani hadi magotini. Fensi haikuja.

Jioni moja Clement aliketi na mama yake jikoni. Alikuwa ameahirisha neno hili kwa wiki nyingi.

"Mama, nimepata tikiti. Ni Desemba, ya kwenda tu, kama ulivyosema. Niinunue?"

Nyanya Chelagat alikuwa akikunja soksi zake za kazi ya msituni. Hakuinua macho.

"Desemba ni sawa, nikawaone ng'ombe," alisema. "Lakini iwe na ya kurudi. Na nirudi kabla kamba hazijaanza kuota."