Jembe, Bima na Kiapo cha Balbina

Siku Balbina alipokutana na Fulgensi, umeme ulikuwa umerudi Ifakara baada ya kukatika tangu juzi yake, na kila mwenye shida ya karatasi mjini alikuwa amejazana kwenye duka moja la stesheneri linalotazamana na soko. Wa kutoa kopi cheti cha ubatizo, wa kuomba mkopo wa chuo, wa leseni ya pikipiki, wote wanataka wao kwanza. Balbina aliingia na gauni lake la kitenge cha njano lililomkaa vizuri, na viatu vya wazi vilivyojaa tope la mtaa wa Lipangalala. Alitaka picha za viza.

Mwenye duka ndiye Fulgensi, kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi utadhani anakwenda kusimamia harusi. Alimpiga picha, akaitazama kwenye kompyuta, akamtazama mwenyewe, akairudia picha.

"Dada, umecheka," akamwambia. "Ubalozi hawataki meno."

"Sijacheka. Ndivyo nilivyo."

"Basi jaribu kutokuwa hivyo kwa dakika moja. Kaa hapo, fikiria kitu kibaya."

Balbina alikaa akafikiria ripoti ya kazini aliyoichelewesha. Ikawa afadhali, mpaka alipoinua macho akamwona yule kijana naye kanuna ili kumsaidia kununa. Kicheko kikampasuka. Picha nne ziliharibika, foleni ikaanza kulalamika, na mama mmoja mwenye cheti cha ubatizo mkononi akawaambia kama wanataka kuchumbiana wafunge duka kwanza. Mimi nasema mapenzi ya watu wazima huanza kwa upuuzi kama huo, na anayebisha abishe.

Huyu Balbina alikuwa na miaka ishirini na sita, mtaalamu wa maabara, kazi yake kuchunguza mbu. Alikuwa amepata ufadhili wa kusoma shahada ya pili Ujerumani, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Kilichobaki ni viza. Na viza haitoki mpaka uoneshe bima ya afya, kwamba ukiugua siku ile ile unayoshuka kwenye ndege kuna kampuni itakayobeba gharama za hospitali. Kwa hiyo alikuwa mtu wa fomu, na Fulgensi alikuwa mfalme wa fomu mji mzima. Wiki ya kwanza Fulgensi alimpigia simu kuuliza kuhusu tafsiri ya cheti chake cha kuzaliwa. Wiki ya pili alipiga kumwambia kwamba kile cheti kinamsalimia. Wiki ya tatu hakutafuta kisingizio.

"Umekula?" ndilo lililokuwa swali lake kila saa saba mchana.

"Nimekula. Kwani wewe ni mama yangu?"

"Bado sijajua nitakuwa nani. Ndiyo maana nauliza kila siku."

Mwezi wa sita Fulgensi alimtuma baba yake mdogo, mzee Sylvanus, kutoka kwao Mkula mpaka kwa mzee Polikarpo, baba yake Balbina. Alipeleka jembe. Watu wa ukoo wa Polikarpo walitoka Mahenge zamani, wakaja na utaratibu wao na wameushika: jembe la mchumba likipokelewa mbele ya wajomba, likavuka mlango wa chumba cha mama, basi binti ni mke wa mtu. Kanisani mtakwenda, cheti mtachukua, lakini hiyo ni kukamilisha tu. Jembe lilipokelewa, likaingia ndani. Mama Theresia alipiga vigelegele, na kuanzia Jumatatu majirani wakawa wanamwita Balbina mke wa stesheneri.

Sasa sikilizeni kilichowaponza. Mwezi wa saba Balbina alipelekwa Kiberege siku tatu kukusanya mbu wa utafiti, mahali ambapo mtandao unashika ukitaka wenyewe. Tarehe yake ya kwenda ubalozini ilikuwa wiki inayofuata, na bima alikuwa hajakata. Akampigia Fulgensi akamwambia amjazie, taarifa zake zote anazo. Fulgensi akajaza. Balbina aliporudi alikagua jina, tarehe na namba ya pasipoti, akaona viko sawa, akaipeleka Dar es Salaam pamoja na fomu ya viza aliyoijaza mwenyewe. Akatoa alama za vidole, akarudi nyumbani kusubiri.

Katikati ya mwezi wa nane ilikuja barua pepe kutoka ubalozini, ya adabu sana. Kwenye fomu ya viza mwombaji amesema hajaolewa. Kwenye bima imeandikwa ameolewa, jina la mume Fulgensi Kelestini. Alete cheti cha ndoa, au kiapo cha kisheria kwamba hajaolewa pamoja na bima iliyosahihishwa, ndani ya siku kumi na nne. Zikipita, jalada litafungwa.

Balbina aliisoma mara tatu akiwa amesimama maabara, halafu akatoka nje na kupiga simu.

"Fulge, kwenye bima uliandika nini?"

"Ulichoniambia."

"Nilikwambia uandike nimeolewa?"

"Kwani hujaolewa? Jembe la nani liko ndani kwenu?"

"Jembe liko kwetu. Viza iko ubalozini."

"Mimi nimeandika ukweli wetu, mpenzi. Sikuandika uongo."

"Umeandika unachotaka wewe. Kama hutaki niende ungesema, nikajua nashindana na nani."

Akakata. Alipopigiwa tena hakupokea, na jioni akaifungia namba yake kabisa.

Akaanza kutafuta njia. Aliwaza, si bora tufunge ndoa haraka nipate hicho cheti? Kanisani matangazo ni Jumapili tatu. Bomani tangazo ni siku ishirini na moja. Yeye ana kumi na nne, na hata angefunga, fomu yake ya viza ingegeuka kuwa ya uongo. Kampuni ya bima walisema kurekebisha ni kazi ya siku moja, ila nao wanataka kiapo. Akaenda kwa wakili, mama mmoja mpole mwenye miwani, akaambiwa kiapo kinaandikika, lakini kwa kuwa kuna mwanamume ametajwa kwa jina, na yeye aje aape. Wote wawili waseme hawajaoana, iwe kwa dini, kwa serikali au kwa mila.

Aliposikia neno mila, alikumbuka jembe. Alikwenda kwa baba yake moja kwa moja.

Mzee Polikarpo alikuwa katekista zaidi ya miaka ishirini, na sauti hakuwa na haja ya kuipandisha. Alisema Fulgensi hakukosea, aliandika kilichopo. "Nimepokea jembe mbele ya wajomba zako. Leo unataka ukaape kwa Mungu kwamba wewe si mke wa mtu. Kati yangu na wewe, nani mwongo?"

"Baba, ni karatasi tu ile."

"Kiapo si karatasi. Ukitaka kuapa, apa, wewe ni mtu mzima. Lakini jembe litatoka ndani ya nyumba hii kabla hujafungua mdomo. Na unajua, kwetu likitoka, mtu yule haleti tena."

Balbina alijua. Shangazi yake mmoja alizeeka peke yake kwa ajili ya jembe lililotoka kwa hasira ya siku moja.

Basi akawa amebanwa kila upande. Akiapa, anapata shule na kumpoteza mwanamume, tena mwanamume ambaye kwa sasa hata hajui kama anampenda au anataka kumchapa makofi. Asipoapa, jalada linafungwa, na ufadhili ule haungojei mtu. Kazini alikuwa akihesabu mbu walionasa kwenye mitego, na siku hizo aliwatazama muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Nyumbani chakula hakikupanda. Mama yake alimpikia wali wa nazi na kambale, akaugusa kidogo tu akaomba radhi. Njiani watoto walimwamkia, watu wazima wakamuuliza Ulaya lini, naye akawajibu karibuni. Siku ya tano ikapita, ya saba, ya tisa. Alimchukia Fulgensi asubuhi, na mchana, ikifika saa saba, alitazama simu akakumbuka kwamba kaifungia namba mwenyewe.

Na Fulgensi je? Alikuwa dukani anajazia watu fomu. Kila alipofika kwenye ile nafasi ya ndoa aliuliza mara mbili, mpaka wateja wakamwona ana matatizo.

Siku ya kumi, alasiri, Balbina alikuwa uani anapepeta mchele, baba yake kakaa pembeni, aliposikia hodi. Fulgensi aliingia na mzee Sylvanus. Shati lile lile jeupe, lakini safari hii lina makunyanzi, na macho yake mekundu. Walisalimiana, wakapewa viti, wakakataa maji. Mama Theresia akaacha jiko akasimama mlangoni.

"Mzee," Fulgensi akasema, "nimekuja kulichukua jembe langu."

Mzee Sylvanus alitazama chini. Mzee Polikarpo alitazama kwanza kama mlango wa ua umefungwa, maana mwanamume anayerudia jembe lake lazima ataje kosa la binti, na kosa likitajwa mtaa mzima utalijua.

"Binti yangu ana kosa gani?"

"Hana. Kosa ni langu." Alimgeukia Balbina, ungo bado uko mikononi mwake. "Nilikwambia niliandika ukweli wetu. Si kweli. Nilipofika kwenye nafasi ya ndoa nilisimama. Najaza fomu za watu kila siku, nilijua kabisa wale hawatambui jembe, wanataka cheti. Nikaandika hivyo hivyo. Nilitaka kuwe na mahali pamoja duniani palipoandikwa kwamba wewe ni mke wangu, kabla hujapanda ndege. Niliogopa, Balbina. Nikakuponza wewe kwa woga wangu."

Balbina alimtazama baba yake.

"Ukiapa jembe likiwa ndani," Fulgensi akaendelea, "baba yako anakuwa mwongo, au wewe. Nikilitoa mimi, hakuna mwongo hapa. Watu waseme mimi ndiye niliyemwacha."

"Unajua likitoka leo ndiyo mwisho wako katika nyumba hii," mzee Polikarpo akamwambia.

"Najua, mzee."

Mzee aliinuka, akaingia chumbani mwenyewe, akatoka na jembe likiwa limefungwa kwenye khanga ya mkewe. Alimkabidhi mzee Sylvanus, si Fulgensi, kama inavyotakiwa. Mama Theresia alilia bila kujificha. Balbina aliweka ungo chini, mchele ukamwagika, na hakuna aliyemwambia auokote.

Kesho yake asubuhi walikutana kwa wakili. Balbina aliapa kwanza, haraka haraka, akitazama muhuri. Kisha Fulgensi akasimama akasoma yake kwa sauti: mimi Fulgensi Kelestini naapa kwamba sijamuoa Balbina Polikarpo kwa ndoa ya dini, ya serikali wala ya kimila. Pale kwenye kimila sauti ilikatika. Yule mama wakili akamwambia apumue, arudie mstari ule, kiapo hakikatwi. Akarudia. Walipotoka nje Balbina alimshika mkono, wakatembea hivyo mpaka sokoni, watu wakiwashangaa, maana habari ya jembe kurudi ilishazunguka mji tangu jana.

Bima ilisahihishwa siku ya kumi na mbili. Viza ikatoka mwezi wa tisa.

Asubuhi ya kuondoka, stendi ilikuwa na umande bado. Balbina alivaa suruali ya jinzi na koti zito la mtumba, jasho linamtoka tayari, lakini mama yake alikataa kabisa aliweke begini. Mzee Polikarpo alikuwa anapambana na begi kubwa pembeni ya basi. Fulgensi alikuja akasimama mbali kidogo, kama mtu asiye na haki ya kusogea. Balbina ndiye aliyemfuata.

"Miaka miwili," akamwambia. "Niambie utanisubiri."

"Sisemi."

"Fulge."

"Nikisema nitakusubiri, utasoma huku unanifikiria mimi nimekaa hapa nahesabu siku. Nilishakufunga mara moja kwa kalamu. Sikufungi tena kwa mdomo. Nenda. Ukimpata mtu huko, mpate. Nitaumia, halafu nitapona."

Balbina alilia, tena kwa sauti, mbele ya abiria na wauza mayai. Alilia mpaka akachoka, akajifuta kwa mkono wa koti.

"Haya, usinisubiri," akasema. "Nitasubiri mimi. Hilo huwezi kunikataza, wala baba hawezi. Na nikirudi, sipiti hata nyumbani kwanza. Nakuja kwenu Mkula, nakaa mbele ya mama yako, nakuposa mimi mwenyewe."

Mzee Polikarpo alikuwa ameyasikia yote. "Haijawahi kutokea," akasema.

"Itatokea, baba."

Kondakta akaita, Balbina akapanda, na basi likaondoka na barabara ya Kidatu. Fulgensi alibaki amesimama pale pale, mikono mifukoni, hata vumbi lilipotulia. Mzee Polikarpo alimsindikiza mkewe mpaka kwenye bajaji, akamwambia atangulie. Kisha akarudi taratibu, akasimama karibu na yule kijana.

"Umekunywa chai?" akamwuliza.

Fulgensi akasema bado. Wakaenda kunywa.