Mapovu Mbele ya Zongwe

Nilikuwepo, mimi huyu ninayejulikana ziwa zima, na yote niliyaona kwa macho yangu. Mchana kweupe, mbele ya rasi ya Zongwe, rafiki yangu Edmond alipiga mbizi ya kujifurahisha kutoka boti ya kukodi, chupa ya hewa mgongoni. Hewa ilikuwa ya dakika arobaini. Mke wake Henriette alikaa ukingoni mwa boti, akiangalia mapovu yake.

Saa mbili zikapita. Mapovu yakazidi kupanda, blu, blu, polepole, kama pumzi ya muntu aliyelala. Djo, mwenye boti, akayafuata chini, akarudi na chupa ya Edmond. Tupu.

"Mama Henriette, kule hakuna muntu. Giza tu."

"Basi nani njo anapumua? Rudi, Papa Djo! Nakuomba kwa jina la Mungu, rudi!"

Djo akalia, akakataa. Henriette akainamia maji, akaita, "Edmond!" Mapovu yakakatika ghafla, kama muntu anayesikiliza. Aliponyamaza, yakaanza tena. Akaita hadi sauti ikamkauka.

Kusema kweli, machozi ya Djo niliyatia mimi, hadithi inoge. Mapovu sikuyatia. Henriette alipoita mara ya saba, yalikuwa yameshasogea mpaka chini ya uso wake.