Mgeni wa Tangi la Chumvi

Godefroid Bisimwa alisikia hodi akiwa amejinyoosha kwenye kochi, mchana, mapazia yamefungwa. Alikuwa mfanyakazi wa zamu ya usiku katika ghala, na mchana ndio uliokuwa usiku wake. Ngo, ngo, ngo. Akajibu bila kufumbua macho, kama ambavyo angejibu mtu yeyote aliyelelewa vizuri Bukavu.

"Karibu."

Mlango haukufunguka. Aliinuka akachungulia, na ujia wa nje ulikuwa mtupu hadi kwenye ngazi. Alipogeuka, maji ya tangi lake la kioo la kufugia samaki yalikuwa yakiyumba huku na huku kama ya beseni aliloingia mtu.

Tangi lenyewe halikuwa na samaki hata mmoja. Alilinunua pamoja na mawe yake ya baharini kwa mzee mmoja wa mji wa Richardson aliyekuwa akihama. Alilileta nyumbani kwake Lewisville, akakoroga chumvi ya unga katika maji yaliyochujwa, akatandaza mchanga, akapanga mawe, akawasha pampu. Mzee yule alimwonya asitie samaki mapema, maji yakomae kwanza. Alimwambia pia kwamba mawe hayo huja na wadudu wake, na wengine hugonga kioo. Godefroid alijiambia ni hao. Ila mgongaji huyu, baada ya kukaribishwa, hakugonga tena.

Mama mkwe wake, Clothilde, alikuwa kitini karibu na jiko, akichambua maharagwe. Kwa desturi ya kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani machoni, tena huzungumza kwa uchache. Kwa hiyo Godefroid hakumwuliza kama amesikia, naye Clothilde hakuinua kichwa.

Siku zilizofuata kiti kimoja cha mezani kilikutwa kimelowa. Chakula kikawa na chumvi hata kabla Carmel, mke wake, hajakitia chumvi. Nyumba ikanuka nguo mbichi. Godefroid alipotia samaki wake wawili wa kwanza, wa rangi ya chungwa, waliyapa mawe mgongo wakabana midomo kwenye kioo cha upande wa sebule, na hivyo ndivyo walivyokutwa wamekufa.

Kazini, mwenzake Omer alimcheka. "Shemasi, watu wanasema umeoa mamba-muntu, ule mwanamke wa maji mwenye anapana utajiri. Na ungali unabeba makartoni pamoja na mimi? Basi huyo wako ni maskini kuliko weye."

Godefroid alicheka pia, lakini masikio yalimwaka moto. Shemasi anayefuga jini sebuleni.

Mchana mmoja Carmel alimwamsha. "Godé, nani alikuwa ananipumulia shingoni? Nilizani ni weye."

Yeye alikuwa amelala sebuleni. Akatega sikio; pampu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, na hata hivyo kitu kilikuwa kikivuta maji polepole na kuyatema, kikivuta na kuyatema, kwanza ndani ya tangi, kisha kwenye ujia wa chumbani, kisha mlangoni pa chumba chao, ambapo kilisimama na kungoja kama mgeni asiyejua aketi wapi.

Ndipo akaitwa Mama Véronique, kiongozi wa kikundi cha maombi, kutoka mji wa Cedar Hill. Alikuja na waumini baada ya ibada ya Jumapili, akazunguka nyumba, akanusa, akasimama mbele ya tangi.

"Hii kitu haikuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Kuko mtu aliikaribisha. Huyo mtu aseme mbele yetu, halafu aifukuze kwa kinywa chake kilekile. Itatoka. Lakini aseme kwanza."

Kisha macho yakaanza kwenda, jozi moja baada ya nyingine, kwa Clothilde, mjane mzee aliyekuwa akishinda mchana kutwa nyumbani na lile tangi. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba vikongwe vya namna hii vinajulikana. Godefroid alikuwa na neno moja tu la kusema. Alilihisi ulimini. Alitazama viatu vyake.

Clothilde akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake, alimtazama Godefroid machoni, wala hakumtazama kwa hasira.

"Ni miye," alisema.

"Mama, usiseme hivyo," Carmel alilia. "Si kweli."

"Nimekwisha kusema." Akaligeukia tangi. "Toka kwetu."

Waliyamwaga maji, wakayatupa mawe, wakaimba. Na kwa kuwa waumini hawakukubali mwanamke wa namna ile aishi chini ya paa moja na shemasi, Gracien, mwana wa Clothilde, alikuja kutoka Houston kumchukua. Godefroid alimbebea begi hadi kwenye gari.

"Mama mukwe," alianza.

"Usiongee," Clothilde alisema, macho chini tena. "Carmel iko nasikia."

Gari likaondoka. Carmel alijifungia chumbani. Godefroid akaketi kwenye kochi mbele ya tangi kavu, akasikia mto wa kochi upande wake wa kushoto ukididimia taratibu, na unyevu baridi ukipenya suruali yake hadi pajani. Sasa hapakuwa na kikundi, hapakuwa na Omer, hapakuwa na wa kumcheka. Akafungua kinywa anong'one kwamba ni yeye aliyekikaribisha, na kwamba kitoke.

"Kwa sauti, Godefroid Bisimwa," kitu kilisema sikioni mwake, kwa upole, na maji yakibubujika kooni mwa kitu hicho. "Mke wako akusikie."

Upande wa pili wa ukuta Carmel alikuwa akilia. Godefroid alifunga kinywa. Kando yake, mgeni akanyoosha miguu.