Mstari Ubavuni mwa Risasi

Emil Kucera alikutwa Jumanne moja ya Julai, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, amelala kifudifudi kando ya mfereji wa maji ya mashamba, Alder Fork, Montana. Alikuwa amepigwa risasi begani kutoka nyuma. Emil ndiye aliyesimamia mfereji: alifungua na kufunga malango, kila mkulima akapata maji kwa zamu yake.

Aliyemkuta ni jirani yake, Orrin Tveit. Alimbeba hadi kwenye pikapu, akamkimbiza hospitali, na daktari akasema angechelewa nusu saa tu wangekuwa wanazungumza mengine. Kufika saa sita mchana, Orrin alikuwa mahabusu.

Sababu zilikuwepo. Wiki iliyotangulia yeye na Emil walitukanana hadharani, Orrin akilalamika kwamba maji hayamfikii. Alikuwa na bastola, na risasi zake alizisubu mwenyewe nyumbani, akimimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu za chuma. Emil alipozinduka alisema hakumwona mtu, alisikia mlio mmoja tu. Alipoulizwa nani ana kinyongo naye, alitaja jina moja: Orrin.

"Orrin anasema alisikia milio miwili," Marlys Aune, msaidizi wa sherifu, alimwambia Verlene Stroud jioni ile. "Tukachimba ukingoni, tukaipata hii kwenye tope. Iliyotoka begani imepondeka, haina sura. Hii ni nzima. Lakini Bi Verlene, habari zake zisitoke humu ndani."

Verlene, fundi mstaafu wa karakana ya vyuma, aliiweka chini ya kioo cha kukuzia. Ubavuni mwake ulipita mstari ulioinuka, mwembamba kama unywele, ukikatiza pete zote mbili za risasi.

"Kalibu iliyotoa hii ina mkwaruzo ndani," alisema. "Kalibu za Orrin mmezitazama?"

"Zote nne. Safi kabisa. Sherifu anasema ya tano ameitupa mtoni."

"Orrin atupe kitu? Orrin hatupi hata msumari uliopinda!"

Verlene alikuwa na deni la moyo kwa mzee yule. Alipofiwa na mume, mikono yake ilikaa bure majira yote ya baridi. Orrin akaja na jiko na chungu cha kuyeyushia risasi. "Nahitaji mtu wa kunishikia koleo," alisema, na ulikuwa uongo mtupu. Hivyo ndivyo Verlene alivyojifunza kusubu, na ndivyo alivyorudi kuongea na watu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Clete Rademacher, mwenye shamba la mwisho wa mfereji, alitandaza vikorokoro uani kwake akiuza. Verlene akaokota kalibu kuukuu ya matundu mawili.

"Ya marehemu baba," Clete alisema. "Haijatoka nyumba hii, hata kuazima hatujamwazima mtu. Chukua, mama, bei ya bure."

"Mbona unaiuza?"

"Imenishinda. Risasi zinatoka na makunyanzi kama bibi kizee."

"Unaniangalia mimi?"

"Hapana, jamani!" Clete akacheka, lakini alimfungia kalibu haraka.

Saa nane mchana Verlene alifungua milango ya banda hewa ipite, akawasha jiko. Kweli, risasi za kwanza zilijaa mikunjo. Mafuta ya kuzuia kutu, akajisemea. Akaiosha kalibu kwa maji ya moto na sabuni, akaisugua kwa mswaki, akaikausha, akaipasha moto vizuri. Mikunjo ikaisha.

Tatizo la pili likajitokeza. Tundu la kulia liliachia risasi yake mara moja. La kushoto liling'ang'ania. Akagonga bawaba kwa kipande cha mti mara tatu ndipo ikadondoka. Akachungulia tunduni kwa kioo. Zamani mtu alichokonoa risasi iliyonasa kwa bisibisi, akaacha mkwaruzo. Akaigeuza ile risasi. Ubavuni, mstari kama unywele, juu ya pete mbili.

Verlene alizima jiko. Kisha akapiga simu.

"Marlys, mwanangu, njoo na ile ya topeni."

Zililingana. Saa kumi na nusu walisimama uani kwa Clete.

"Hii kalibu," Marlys aliuliza, "nani ameitumia mwaka huu?"

Clete alilamba midomo. "Orrin. Aliiazima mwezi wa sita."

"Asubuhi uliniambia hamjamwazima mtu," Verlene alisema.

"Nilisahau. Alirudisha wiki hii."

"Siku gani?" Marlys alikuwa anaandika.

"Jumatano."

"Jumatano Orrin alikuwa kwangu, Clete. Nyuma ya nondo."

Clete alitazama kalibu. "Hamwezi kujua. Nilisikia ile risasi ilipondeka."

"Ya begani, ndiyo," Marlys alisema. "Ya kwanza ulimkosa, ikaingia topeni."

Clete akakaa chini kwenye ngazi. Kumbe alikuwa akifungua lango la juu kabla ya alfajiri na kuiba maji ya wenzake. Ndiyo maana maji hayakumfikia Orrin. Jumatatu Emil alikuta kufuli limekatwa, akamwambia Clete, bila kumshuku, kwamba atamsaka mwizi na kumfikisha kwenye kikao cha wakulima. Aliyeiba maji angeyanyimwa msimu mzima, na shamba la baba lingekauka. "Nilisikia mnapekua nyumba za wote wanaosubu," alisema. "Nikataka kalibu itoke kwangu."

"Ukampa Bi Verlene," Marlys alisema, akimfunga pingu. "Inuka."

Jumatatu Emil, mkono umefungwa shingoni, alipanda baraza la Orrin. Verlene alikuwepo, akimenya mapichi. Emil alisimama akizungusha kofia.

"Waliponiuliza, nilikutaja wewe," alisema. "Wewe uliyenibeba."

"U mzito kweli," Orrin alijibu. "Mgongo bado unaniuma."

Emil alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. "Asante, ndugu yangu. Asante kwa uhai wangu."

Orrin hakujua aangalie wapi. Akamgeukia Verlene, akafungua mdomo kumshukuru. Verlene akatikisa kichwa kumzuia. Alikata pichi lililoiva kuliko yote, akampa kila mmoja nusu.