Nililala Mlangoni kwa Ajili ya Mtani Wangu

Nina miaka hamsini na minne, shahada mbili, na karatasi ya polisi inayonikataza kwa mwaka mzima kukanyaga kituo cha jamii cha mtaani kwetu hapa Thorncliffe Park, ughaibuni, pamoja na maktaba na bustani zilizoungana nacho. Msinionee huruma bado. Someni kwanza.

Rafiki yangu Ngonyani alifariki wakati wa baridi. Yeye Mngoni wa Songea, mimi Mhehe wa Iringa. Watani tangu babu zetu walipochinjana. Miaka kumi na tisa tuliitana mtumwa mbele za watu. Na kwa mila yetu, mtani humwigiza marehemu na kuuzuia msiba kwa mzaha mpaka apewe kitu. Sasa mtani wako akifa, utafanyaje? Utakaa kwenye kiti cha plastiki ule sambusa kama mgeni?

Siku ya kumkumbuka, pale kituoni, nilivaa koti lake la baridi, nikachechemea kama yeye, nikanyakua picha yake na kujilaza nayo mlangoni.

"Huyu mtumwa wangu!" nikapaza sauti. "Hatoki mtu humu mpaka niletewe jogoo!"

Wafiwa wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Aliyecheka kuliko wote ni Mwenyekiti wa chama chetu, naye Mngoni. "Mhehe, jogoo hakuna, tukuletee mbwa, nyama uliyoizoea!" akajibu, akanipiga teke la makalio.

Dada wa mapokezi hakucheka. Yeye aliona mtu kavaa koti la marehemu, kalala mlangoni, anazuia watu, na kina mama wanalia... Akapiga simu.

Polisi wawili walipofika niliwaeleza kuwa ile ni mila. Wakamgeukia Mwenyekiti. Naye, akiogopa chama kunyimwa ukumbi, akafunga vifungo vya suti na kusema hajui lolote kuhusu mila hiyo. Hajui! Na alama ya kiatu chake iko kwenye suruali yangu!

Nisingejali sana ile karatasi waliyonikabidhi, ila harusi ya binti yangu Neema ilikuwa iwe kwenye ukumbi ule ule, wiki sita mbele, na kadi zilishasambazwa. Karatasi ilisema naweza kuomba amri ipitiwe upya. Neema akanisihi: "Baba, omba msamaha tu. Mistari minne inatosha."

Mistari minne? Mimi? Niliandika kurasa kumi na moja, zenye tanbihi! Nilianza na vita vya Wahehe na Wangoni. Kwenye ukurasa wa sita nilikuwa namfundisha afisa wa kupitia maombi namna ya kulia msibani. Neno samahani halikuwemo, maana nilikuwa sahihi.

Nilichokosa ni shahidi mmoja tu wa kusema mila ile ipo. Nikampigia Mwenyekiti. "Kaka, mambo ya polisi usiniingize. Nina watoto mimi." Kana kwamba mimi nina mbuzi!

Jibu lilikuja siku tatu kabla ya harusi. Ombi limekataliwa: hakuna aliyethibitisha maelezo, na mwombaji haonyeshi kujuta.

Basi... siku ya harusi nilisimama ng'ambo ya barabara na suti yangu mpya, nikimtazama mwanangu kupitia kioo. Na aliyeshika kipaza sauti kutoa neno la baba wa bibi harusi, mnadhani alikuwa nani?

Baadaye Mwenyekiti huyo huyo akavuka barabara na sahani iliyofunikwa foili. "Mtani wangu," akasema akitabasamu, "kula, usije ukafa nikalazimika kulala mlangoni."

Mtani! Leo kaukumbuka utani! Nilimdharau kuliko ninavyoweza kuandika. Kisha nikapokea sahani, nikala nikiwa nimesimama, hadi punje ya mwisho. Hapo nikajidharau na mimi.

Ndugu zangu, anayecheka nawe msibani si shahidi wako mbele ya polisi. Na nawasihi, likiwafika, msiandike kitabu. Andikeni mistari minne, wekeni samahani, mwingie ndani mkae na watoto wenu. Mimi nilikuwa sahihi kurasa zote kumi na moja... na mwanangu akaolewa nikiwa nje.